Birika la umeme nyumbani: hesabu za mkazi wa Mtwara

Kila msimu wa korosho unapoanza kulipa, maduka ya vyombo vya umeme hapa Mtwara mjini, na vilevile Masasi na Newala, hupanga mabirika mbele ya mlango, na swali ninaloulizwa na ndugu na majirani huwa lile lile: kuna haja gani ya kununua birika la umeme ilhali nyumbani kuna sufuria, jiko la mkaa na mtungi wa gesi? Wengi huuliza wakiwa na jibu lao tayari, nalo ni kwamba birika linakula umeme. Mimi ninalitumia kila siku, na maoni yangu ni kwamba nyumba nyingi za mjini zinaweza kulinunua bila majuto, ingawa si kwa sababu zinazotajwa na wauzaji, na wala si kila nyumba inalihitaji. Faida yake inategemea mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye boksi, yaani kiasi cha maji unachomimina ndani yake na tarifu ya mita yako, kwa maana ya kundi la bei uliloandikishwa.

Sifa ya kula umeme inatokana na namba iliyobandikwa chini ya birika: wati 1500, wati 1800, wakati mwingine wati 2200. Mtu akilinganisha namba hizo na taa ya wati 9 au feni ya wati 50, anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Hata hivyo, LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, haitozi wati. Inatoza uniti, na uniti moja ni wati elfu moja zinazotumika kwa muda wa saa nzima. Birika hutumia nguvu kubwa kwa dakika chache kisha likajizima, wakati feni ya wati 50 inayozunguka kuanzia magharibi hadi alfajiri katika joto letu la Desemba humaliza zaidi ya nusu uniti kila usiku bila mtu yeyote kuilalamikia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya maji, ambayo ni lita moja, huhitaji takriban kilojuli 4.2 ili ipande nyuzi moja ya joto. Maji ya ndoo hapa pwani huwa na nyuzi 28 hivi, kwa hiyo mpaka yachemke yanapaswa kupanda nyuzi 72, na hizo ni kilojuli 300, sawa na uniti 0.083. Ukijumlisha joto linalopotea kupitia mwili wa birika na mvuke, lita moja inagharimu karibu uniti 0.1, au tuseme uniti moja inachemsha lita kumi. Yeyote mwenye shaka anaweza kujithibitishia nyumbani kwake, kama nilivyofanya mimi: nilichomoa jokofu, nikazima feni na televisheni, nikasoma salio kwenye kile kidude cha LUKU kilichoning'inia ukutani, likaonyesha 18.62. Nikachemsha lita moja na nusu. Swichi iliporuka nikasoma tena, likaonyesha 18.47. Uniti 0.15, wala hapakuwa na haja ya kubishana na mtu.

Sasa tuje kwenye shilingi. Mteja wa kawaida wa majumbani aliye kwenye tarifu ya T1 hutozwa shilingi 292 kwa uniti, na zikiongezwa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), bei inafika shilingi 356 na senti kidogo. Ndiyo maana ukinunua umeme wa 5,000, makato mengine yakiwa hayamo, unapata uniti 14. Mteja wa tarifu ya matumizi madogo, D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo zikiongezewa makato hayo huwa 122, kwa uniti 75 za kwanza katika mwezi. Kwa hiyo lita moja ya maji yaliyochemka ni kama shilingi 36 kwa yule wa kwanza na shilingi 12 kwa yule wa pili. Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti yoyote iliyopo baina ya birika moja na jingine, na ninashangaa kwamba watu huchagua rangi ya birika kabla ya kujua wako tarifu gani.

Upande wa gesi, tuseme mtungi mdogo wa kilo 6 unajazwa kwa shilingi 25,000. Wewe weka bei ya mtaani kwako. Gesi hiyo ina nguvu nyingi sana, lakini jiko la kawaida huingiza kwenye sufuria karibu nusu tu ya joto lake, na nusu iliyobaki hupita pembeni na kumpasha mpishi. Kwa makadirio hayo, lita moja ya maji inakula gramu 13 za gesi, yaani shilingi 55. Sufuria bila mfuniko, au moto mkubwa unaoramba pembeni mwa sufuria ndogo, huipandisha zaidi. Umeme unashinda basi, hata kwenye tarifu ya juu, na jambo hili huwashangaza watu wengi kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kupikia umeme ni anasa. Ni kweli kwamba jiko la umeme la koili, likiwekewa sufuria yenye kitako kilichopinda, hupoteza joto jingi. Birika halipotezi kiasi hicho kwa kuwa kipasha joto chake kimegusana na maji moja kwa moja, au kimetenganishwa nayo na bati jembamba tu.

Hapa niseme jambo moja la nje kidogo ya hesabu. Nimewahi kusikia kijiweni mtu akisema kwamba ni afadhali tutumie mitungi kwa sababu gesi ni yetu. Gesi iliyogunduliwa Mnazi Bay, kule Msimbati, mwaka 1982, kama ile ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974, kwa sehemu kubwa ni methani, nayo hupita kwenye mabomba kwenda kwenye mitambo ya kuzalisha umeme na viwandani, na kwa baadhi ya nyumba zilizounganishwa na bomba. Gesi ya mtungini ni propani na butani, na huja nchini kwa meli. Mtu wa Mtwara anayechemsha chai kwa umeme ndiye anayetumia gesi ya Msimbati, kwa kuwa mitambo ya hapa mjini huendeshwa kwa gesi hiyo. Anayetumia mtungi anatumia gesi iliyovuka bahari.

Mkaa ni habari nyingine, na siwezi kuumaliza kwa mstari mmoja, kwa sababu ndio unaopika katika nyumba nyingi za huku. Ukiwasha jiko la mkaa kwa ajili ya chai peke yake, unapoteza. Utasubiri mkaa ushike, utapuliza au kupepea, maji yatachemka, nawe utabaki na jiko lililojaa moto ambao huna cha kuuweka juu yake, isipokuwa uwe mwepesi wa kuuzima na kuuokoa kwa siku ya pili. Lakini jiko likiwa tayari limewashwa kwa ajili ya maharage au kisamvu, makaa yanayobaki baada ya kuepua chungu huchemsha sufuria ya maji bila gharama ya ziada, na hakuna birika duniani linaloweza kushindana na moto ambao umekwisha kulipiwa. Vivyo hivyo kwa nyumba zinazotumia kuni na vifuu vya nazi.

Ndiyo sababu shangazi yangu anayekaa Newala nilimshauri tofauti na ninavyowashauri majirani zangu wa Chikongola, hapa mjini. Alinipigia simu baada ya kuona birika kwa mwenzake, na baada ya salamu akaingia moja kwa moja: "Mwanangu, na mimi ninataka hilo la kuchomeka. Fedha ya korosho imeingia."

"Shangazi, asubuhi unapika nini?" nikamuuliza.

"Uji, na maji ya babu yako ya kuoga. Na mihogo, kama ipo."

"Na moto unakaa mpaka saa ngapi?"

"Hauzimiki mpaka mchana, si unapajua kwangu."

Nikamwambia anunue chupa mbili kubwa za chai zilizo nzuri, zile zenye kioo ndani ambacho hakijapata ufa, awe anachemsha maji asubuhi kwenye moto huo huo na kuyahifadhi. Hakufurahi sana, na ninamwelewa, kwa sababu birika ni kitu cha kuonyesha wageni na chupa ya chai si kitu cha kuonyesha. Ila kwa nyumba yake, ambako moto upo muda wote na uniti zinazotumika kwa mwezi ni chache, birika lingekuwa linakaa kabatini likisubiri wageni.

Nirudi kwenye zile uniti 75, kwa maana hapo ndipo wengi huumia bila kujua. Mwenye tarifu ya D1 hupata umeme wa bei nafuu akibaki ndani ya kiwango hicho; akikivuka, kila uniti inayozidi hutozwa shilingi 350 kabla ya makato, ambazo baada ya makato huwa 427. Familia inayochemsha lita nne kwa siku, kwa chai ya asubuhi, ya jioni na maji ya hapa na pale, itatumia uniti 12 hivi kwa mwezi. Kama nyumba hiyo hutumia uniti 55, bado ipo salama. Kama hutumia 70, birika litaisukuma nje ya mstari, na kuanzia hapo lita ya maji ambayo ilikuwa shilingi 12 itapanda hadi 43, ghali kuliko ya mwenye tarifu ya juu. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, jumlisha uniti ulizonunua kwa miezi mitatu iliyopita. Ujumbe wa manunuzi umo kwenye simu yako, na kazi hiyo haichukui muda mrefu.

Je, birika hujilipa? Chukua birika la shilingi 30,000 na lita zile nne kwa siku. Mtu wa T1 aliyekuwa akitumia gesi anaokoa shilingi 19 kwa kila lita, yaani 76 kwa siku, ambazo kwa mwezi hazifiki hata 2,300. Atahitaji mwaka mmoja na kidogo ili arudishe fedha yake. Mtu wa D1 anayebaki ndani ya uniti 75 anaokoa 43 kwa lita, na birika lake hujilipa kwa miezi sita hivi. Namba hizi zinaniambia kitu ambacho wauzaji hawatakisema: birika dhaifu la bei hiyo linalokufa kabla ya mwaka, kwa mwenye T1, halijajilipa kabisa. Anayenunua la namna hiyo kila mwaka, akidhani anabana matumizi, anatumia zaidi ya yule aliyeendelea na mtungi wake. Kwa mwenye T1 birika huwa ni njia ya kununua muda, dakika sita badala ya kuhangaika na jiko saa kumi na moja alfajiri, au kikombe cha chai wakati wa daku bila kuamsha nyumba nzima. Nami sioni aibu kulipia muda, mradi mtu ajue kwamba ndicho anacholipia.

Matumizi mabaya yanayomaliza faida yote ni kujaza birika mpaka alama ya juu kwa ajili ya kikombe kimoja. Birika la lita 1.7 likijazwa, ukatumia robo lita na kuacha mengine yapoe, umelipa shilingi 60 kwa kikombe ambacho kingegharimu shilingi 9, na baada ya saa mbili mtu mwingine atakuja kuyachemsha tena maji yale yale. Nyumbani kwetu kanuni ni kwamba maji hupimwa kwa kikombe kabla ya kumiminwa, ila yasishuke chini ya alama ya chini, na yakizidi huingia kwenye chupa ya chai papo hapo. Birika bila chupa ya chai ni kama ndoo iliyotoboka. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona nyumba ambazo zina birika zuri la chuma lakini chupa ya chai imevunjika kioo, na maji huchemshwa kila mgeni anapobisha hodi.

Maji ya kunywa yanahitaji uamuzi wa peke yake. Kwa usalama birika linatosha kabisa: maji yakifika kuchemka, vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havibaki hai, na hakuna haja ya kuyaacha yatokote dakika kumi na tano kama wengi tulivyofundishwa. Birika linalojizima maji yanapochemka limekwisha kufanya kazi hiyo. Kilichobaki ni kuyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa na kuyaweka kwenye chombo safi, kwa sababu maji yaliyochemshwa yakachotwa kwa kata chafu hayana tofauti na ya kisimani. Tatizo ni wingi. Familia inayokunywa lita kumi kwa siku itatumia uniti moja kila siku, uniti 30 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 10,000 kwa tarifu ya T1, na kwa D1 ni njia ya hakika ya kuvuka zile 75. Kwa wingi huo mimi ningetumia makaa yanayobaki baada ya kupika, au dawa ya kutibu maji ya dukani, na birika nikaliachia maji ya mtoto na ya mgonjwa.

Maji ya kuoga yanashangaza kwa upande wa pili, kwani ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Hakuna anayeoga maji ya nyuzi 100. Ndoo ya lita 15 ya maji ya uvuguvugu hupatikana kwa kuchanganya lita mbili na nusu za maji yaliyochemka na lita kumi na mbili na nusu za maji ya bomba, ambayo ni robo uniti, chini ya shilingi 90. Kwa wakazi wa pwani jambo hili ni la mzee, mzazi na mtoto mchanga tu; kwa watu wa juu, kwenye uwanda wa Makonde, ambako asubuhi za Juni na Julai si za mchezo, ni la kila siku, na maji yao huanza yakiwa baridi zaidi, kwa hiyo waongeze kidogo. Kwa vyovyote ni salama zaidi kuliko ile hita ya koili inayotumbukizwa ndani ya ndoo, kifaa ambacho nisingependa kukiona katika nyumba yenye mtoto.

Niseme sasa namna birika linavyojizima, maana anayeelewa hili hulitunza vizuri. Sehemu ya juu ya birika, mara nyingi karibu na mpini, ina tundu dogo. Maji yanapochemka, mvuke hupita katika tundu hilo na kushuka mpaka kwenye kibati kilichoundwa kwa metali mbili zilizogandamanishwa. Metali hizo hazitanuki sawa. Zikipata joto la mvuke, moja huipita nyingine, kibati kinajikunja ghafla na kuirusha swichi. Kumbe ukiacha mfuniko wazi, mvuke unatoka juu, haufiki kwenye kibati, na birika huendelea kuchemka mpaka maji yakauke. Mabirika mengi yana kinga ya pili iliyo chini ya kitako, inayokata umeme birika likiwashwa bila maji, lakini kinga hiyo ni ya dharura na haikuwekwa ili itumike kila wiki.

Lile jagi la plastiki lenye koili iliyo wazi ndani, ambalo huuzwa kwa bei ya chini sokoni, kwa kawaida halina kinga yoyote kati ya hizo. Halijizimi. Mtu akipitiwa, maji yanakauka, koili inakuwa nyekundu na plastiki inayeyuka. Baadhi ya watu huliita nalo birika la umeme, na habari za "birika liliunguza nyumba" mara nyingi ukizifuatilia unakuta ni jagi. Kuhusu jagi jibu langu ni fupi: usinunue.

Chai ya maziwa haipikwi kwenye birika, wala tangawizi na mdalasini havitumbukizwi humo. Maziwa hufura na kumwagika kabla mvuke haujafika kwenye swichi, na yanayobaki huungulia chini na kuacha harufu isiyotoka. Kwa bahati chai ya huku kwetu mara nyingi ni ya rangi.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika nyumba zetu, kuliko bei, ni mahali pa kulichomeka. Jiko la nyumba nyingi za huku liko uani, na mafundi waliposuka waya hawakuweka soketi huko. Birika basi huishia sebuleni, sakafuni, kwenye ekstensheni ile ile yenye televisheni, king'amuzi, chaja za simu na wakati mwingine jokofu. Birika la wati 2000 huvuta karibu ampea 9 peke yake. Waya mwembamba wa ekstensheni ya bei ya chini hupata moto, plagi inalainika, na weusi huanza kuonekana kwenye matundu ya soketi. Mtoto anayetambaa anaona waya unaning'inia na anauvuta. Kama utachukua ushauri mmoja tu katika maandishi haya, uwe huu: mwite fundi aweke soketi moja ukutani, juu, mahali ambapo birika litakaa mezani, na gharama yake uihesabu kuwa sehemu ya bei ya birika.

Halafu kuna plagi ya miguu miwili. Mabirika mengi yanayoletwa hayana plagi ya miguu mitatu inayolingana na soketi zetu, na kila mtu anaujua ule ufundi wa kuchomeka kijiti au mpini wa kijiko kwenye tundu la juu ili matundu mawili ya chini yafunguke. Ufundi huo hulifanya birika liwake, lakini hulinyima waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na birika la chuma lenye maji ndani bila ethi ni hatari ya kweli, hasa kwa mtu asiye na viatu kwenye sakafu yenye majimaji. Fundi anaweza kukata plagi hiyo na kufunga ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 13, iwapo waya wa birika una nyuzi tatu ndani. Ukiwa na nyuzi mbili tu, birika la chuma la namna hiyo mimi ningeliacha dukani.

Umeme ukiwa mdogo, kama inavyotokea jioni kwenye mitaa iliyo mwishoni mwa laini, birika huchelewa, na watu husema linamaliza uniti zaidi. Halimalizi zaidi kwa kiasi cha kutisha. Nguvu yake hupungua kwa mraba wa volti: birika la wati 2000 lililotengenezwa kwa volti 230, likipata volti 180, hubaki na wati 1200 na ushee, kwa hiyo dakika huongezeka wakati uniti hubaki karibu zile zile, ukiacha joto linalopotea katika dakika hizo za ziada. Umeme ukikatika, bila shaka, ni sufuria. Asitupe jiko lake mtu kwa sababu amenunua birika. Na wenye sola ndogo ya taa na simu wasidanganywe, kwani inveta ya wati 300 haiwezi kuliwasha birika hata kwa sekunde.

Maji yetu ya visima vya pwani yana chokaa nyingi. Baada ya wiki chache utaona ukoko mweupe chini ya birika, kisha vipande vyake vitaanza kuelea kwenye chai, na wageni watakuangalia. Si uchafu. Ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji ikajitenga yalipopata moto, ndugu wa moja kwa moja wa yale mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za kale za Mikindani. Ukoko ukiwa mnene, joto hupenya kwa shida, birika hupiga kelele na kipasha joto hufa mapema. Kamulia ndimu tatu au nne kwenye maji yanayofunika ukoko, au tumia siki, chemsha, acha mpaka yapoe, kisha suuza; usikwangue kwa stili waya wala kisu. Wanaotumia maji ya mvua yaliyovunwa kutoka kwenye paa, kama wengi wa Newala, hawatauona ukoko huo kabisa.

Kwa wanaokwenda kununua: chagua la chuma lisilopata kutu, kwa sababu hewa ya chumvi ya hapa hula kila kitu, na hata viunganisho vya shaba kwenye kitako vipanguswe viwe vikavu. Lita 1.7 na wati 1500 zinatosha familia. Wati zaidi hukuongezea kasi tu na kuzidisha mzigo kwenye waya. Fungua mfuniko uone kama ndani kuna bati bapa au koili iliyo wazi, kwa sababu bati bapa husafishika kirahisi. Nusa ndani. La plastiki lenye harufu kali ya mpira hata likichemshwa mara kadhaa huenda lisiiache harufu hiyo, na chai ya rangi haifichi kitu. Mwisho, mwombe muuzaji maji, lichomeke hapo hapo dukani, funga mfuniko na usubiri mpaka swichi iruke yenyewe. Kisha linyanyue, pangusa kitako kwa kiganja uone kama kuna unyevu, na ndipo utoe fedha na kudai risiti yenye muda wa garantii umeandikwa juu yake.